Nyomi la nani lilikuwa kubwa?

Kutoka jengo la Simba katika Mtaa wa Msimbazi hadi jengo la Yanga kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani ni mwendo wa miguu tu. Mtoto akitumwa kiberiti anaweza kupita klabu zote mbili na kurudi nyumbani kabla chai haijapoa, mradi asisimame njiani kusikiliza watu. Na Kariakoo ya Dar es Salaam ina watu wengi wa kumsimamisha.

Asubuhi, machinga wanapotandaza jezi za watoto juu ya turubai, nyekundu huku, kijani na njano kule, wauza kahawa huwa wameshawasha mkaa. Birika, vikombe vidogo, kashata kwenye sinia. Wanaokaa kwenye benchi ni wenye maduka, madalali, wapiga debe, wastaafu wa bandari na wa reli, na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Bei za bidhaa huzungumzwa kidogo. Siasa huzungumzwa kwa sauti ya chini. Kisha mmoja hutupa swali ambalo halijapata jibu tangu benchi hilo liwekwe hapo: kati ya Simba na Yanga, nani ana watu?

Haulizi nani ana makombe. Makombe yameandikwa, mtu akibisha anaonyeshwa. Watu ni jambo jingine. Kila aliyekuwa uwanjani aliwaona kwa macho yake, na macho ya shabiki yana hesabu zake.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilifuata mwaka 1936, na kwa miaka mingi ilijulikana kama Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Wanaitana watani wa jadi, na ni utani kweli, kama ule wa makabila: mtani anaweza kukusema msibani kwako na ukamkaribisha chakula. Ndiyo maana nyumba nyingi za Dar zinaishi salama huku baba ni Msimbazi, mama ni Jangwani, na mtoto wa kwanza amevutwa na mjomba kwa zawadi ya jezi kabla hajajua hata kutambaa.

Kwa hiyo ubishi wa nani ana watu hauishii kijiweni. Unarudi nyumbani jioni pamoja na mkate.

Siku hizi una msimu wake maalumu. Simba ilianzisha Simba Day mwaka 2009, siku ya Nane Nane, kutambulisha wachezaji wa msimu mpya. Yanga nayo ikaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019, yenye kilele chake uwanjani. Zote mbili ni sherehe zaidi kuliko mechi. Kuna wasanii, kuna wachezaji wanaoitwa jina mmoja mmoja, kuna mechi ya kirafiki na timu ya nje, na kuna familia nzima zilizovaa sare. Mwaka 2024 zilifuatana, Simba Jumamosi Agosti 3 dhidi ya APR ya Rwanda, Yanga Jumapili Agosti 4 dhidi ya Red Arrows ya Zambia. Uwanja ule ule, siku mbili mfululizo. Mtu angedhani sasa ubishi umepata mizani yake.

Wapi. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Pande zote mbili zikijaza, hesabu ya darasa la tatu inasema ni sare. Lakini Kariakoo sare hairuhusiwi, na hoja zikahama. Nani alijaza mapema, saa nne asubuhi au saa nane mchana? Tiketi za nani ziliisha kwanza? Waliobaki nje bila tiketi walikuwa wangapi, na nao wahesabiwe au wasihesabiwe? Mabasi ya mikoani yalikuwa mangapi, na yalikodiwa na nani? Wale waliokuwa kwenye kona ya juu kabisa, mbona picha iliyopigwa saa tisa inaonyesha viti vitupu? Hapana mzee mwenzangu, hao walikuwa wamekwenda kuswali. Basi mbona picha yenu ya saa tisa haina wanaoswali?

Lugha ya mjini imejaa maneno ya jambo hili. Umati mkubwa ni nyomi. Uwanja ukijaza sana, umetapika. Mtu hasemi uwanja ulijaa, kwa sababu kujaa ni jambo la kawaida, hata ndoo hujaa. Anasema ulitapika, na hapo umeshaelewa kwamba hakuna tarakimu itakayofuata.

Zamani tarakimu yenyewe ilikuwa ngumu kuipata. Tiketi ilikuwa karatasi. Kulikuwa na tiketi bandia, kulikuwa na mlinzi wa mlangoni aliyemwona shemeji yake kwenye foleni, kulikuwa na watoto waliopenya chini ya mikono ya watu wazima. Baada ya mechi wenye mamlaka ya soka walitangaza mapato ya mlangoni, na hapo kijiwe kilifanya hesabu kwa kurudi nyuma: fedha hizi, kwa bei hii ya tiketi, ni watu wangapi? Jibu lilikuwa dogo daima kuliko lile ambalo macho yaliona. Wengine walisema fedha zimeliwa. Wengine walisema watu wameingia bure. Inawezekana kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, lakini aliyekubali kwamba pengine macho yake ndiyo yalizidisha, huyo hajawahi kukaa kwenye benchi hilo.

Sasa tiketi hununuliwa kwa simu na kuingizwa kwenye kadi ya N-Card, na mlangoni kadi inagongwa kwenye mashine. Mashine haina shemeji. Hata hivyo ubishi haujapungua.

Ili kuelewa kwa nini, ni vizuri kwenda Chang'ombe kwenyewe siku isiyo na mechi. Daladala za Barabara ya Kilwa zinapita jirani, na kutoka hapo ni kutembea kidogo. Viwanja viko viwili, ubavu kwa ubavu kama babu na mjukuu. Mjukuu ndiye mkubwa: huo wa Mkapa, uliojengwa na kampuni ya Kichina na kuanza kutumika mwaka 2007. Ulikuwa ukiitwa Uwanja wa Taifa hadi mwaka 2020, alipofariki Rais Benjamin Mkapa na kupewa jina lake. Watu sasa husema wanakwenda "kwa Mkapa", kana kwamba mwenyewe yuko barazani anawasubiri. Brazil ilicheza hapo na Taifa Stars Juni 7, 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, ikashinda mabao 5-1, na lile bao moja la Jabir Aziz bado linasimuliwa kwa kirefu kuliko yale matano.

Ndani, viti vina rangi, na rangi ndizo hadhi. VIP zipo chini ya paa upande wa jukwaa kuu, halafu viti vya rangi ya chungwa, halafu mzunguko, yaani bluu na kijani, ambako bei ni ya mwananchi wa kawaida na kelele ni za bure. Mtu akikuambia alikuwa mzunguko, jua hapo ndipo alipoimba.

Babu ni Uwanja wa Uhuru. Hapo, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa. Ndio Uwanja wa Taifa wa zamani, ule ambao mashabiki waliupa jina la Shamba la Bibi. Ukiutazama leo ni mdogo. Kwa viti vya sasa unachukua watu wapatao 23,000 tu. Mtu wa makamo anayempeleka mwanawe kuuona kwa mara ya kwanza hupata mshangao kidogo, kama anayerudi shule ya msingi aliyosoma na kukuta madawati yamekuwa mafupi. Je, ni hapa ndipo Dar es Salaam nzima ilipokaa?

Ni hapa. Zamani sehemu kubwa ya watu ilisimama au kukaa begani kwa begani kwenye ngazi za saruji, kwa hiyo waliingia wengi kuliko viti vya leo vinavyosema. Lakini hata ukiongeza, ukibana, ukiweka na waliokuwa juu ya miti ya jirani, bado hawafikii idadi ya wanaosema walikuwepo.

Chukua Julai 19, 1977. Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Mabao sita katika mechi ya watani! Wana Simba waliokuwa na miaka kumi na mbili wakati ule sasa wako kwenye sitini, na ukikusanya wote wanaosema walikuwepo siku ile, ungehitaji Shamba la Bibi tatu na kiwanja cha akiba.

Si kwamba wanadanganya. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mwaka 1977. Kilichokuwepo ni Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti za watangazaji waliojua kumchukua mtu kutoka Kigoma na kumkalisha jukwaani. Majina kama Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge na baadaye Charles Hilary yanatajwa kijiweni kwa heshima ile ile ya wachezaji. Mtoto alikaa chini ya mwembe, redio ya baba ikiwa juu ya kigoda, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Mpira unatoka kwa huyu, unakwenda kwa yule, anamgeuza mtu, anapiga. Kabla neno halijamalizika nyumba nzima imesimama. Miaka hamsini baadaye mtu huyo anaona wazi kabisa jinsi Kibadeni alivyopiga, upande gani wa goli, jua likiwa wapi. Aliiona kwa sikio. Ukimwambia hakuwepo, utamwonea.

Wana Yanga wana yao. Juni 1, 1968 waliwafunga Sunderland mabao 5-0. Watani hujibu kwamba hiyo ni Sunderland, waende wakadai Uingereza. Halafu kuna Nyamagana. Agosti 10, 1974 watani hao walikutana Mwanza kuamua bingwa wa taifa, mbali na nyumbani kwa wote wawili. Simba ilitangulia. Dakika zikiwa zinakatika Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la ushindi. 2-1. Wazee wa Yanga huhadithia mechi hiyo pamoja na safari yake, kwa sababu kutoka Dar hadi Mwanza kwa treni ya Reli ya Kati si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Hapo idadi ya watu inapata maana nyingine. Mtu aliyepanda treni kuvuka nusu ya nchi kwa ajili ya dakika tisini anahesabika kama mmoja, au kama kumi? Kijiwe kimoja cha Jangwani kitakuambia kumi.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na uwanja mkubwa na televisheni, lakini kumbukumbu zake ni zile zile za kubishana. Mei 6, 2012 Simba ilishinda 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na kipa Juma Kaseja alivuka uwanja mzima kwenda kupiga penalti, akafunga. Patrick Mafisango naye alifunga moja kwa penalti. Siku kumi na moja baadaye Mafisango akafa kwa ajali ya gari hapa hapa Dar es Salaam. Wana Simba wanapoitaja mechi ile, kicheko chao huwa na mahali pa kusimama kidogo, kisha kinaendelea.

Na kuna Oktoba 20, 2013. Hadi mapumziko Yanga 3, Simba 0. Mrisho Ngassa moja, Hamis Kiiza mawili. Kipindi cha pili Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze wakarudisha yote, ikaisha 3-3. Mechi hii imezaa swali ambalo ni baya kuliko "ulikuwepo?" Ni hili: "Ulitoka mapumziko?" Wapo waliotoka. Walikuwa wameshafika barabarani, wengine wameshapanda daladala, waliposikia uwanja unanguruma nyuma yao. Hao walilipa tiketi, walihesabiwa mlangoni, wamo katika idadi rasmi. Je, walikuwepo? Kuna baba mmoja maarufu wa kila mtaa ambaye alitoka na watoto wake ili kuwahi usafiri, na watoto hao wameshakuwa watu wazima na hawajamsamehe.

Mwaka wa 2023 Yanga ikalipa deni la kiporo. Novemba 5, 5-1. Vijana waliokuwa wamechoka kusikia habari za 1977 na 2012 sasa wana yao, wameiona kwa macho, wameirekodi kwa simu. Wataisimulia mwaka 2070, na ushahidi wa video hautawazuia kuongeza.

Umati wa ajabu kuliko yote labda ni ule ambao haukuona kitu. Mei 8, 2021 mechi ya watani ilipangwa kuanza saa kumi na moja jioni. Watu walikuwa wameshaanza kuingia pale ilipotangazwa kwamba imesogezwa hadi saa moja usiku. Yanga wakasema wao wamejiandaa kwa muda wa awali, wakaja, wakakaa, wakaondoka. Simba wakaja baadaye. Mechi haikuchezwa, na ikaja kupigwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya. Waliokuwa jukwaani siku ile ya Mei walikaa juani, wakakaa kigizani, wakarudi nyumbani na watoto waliouliza swali moja njia nzima. Kijiweni umati ule hautajwi katika ubishi wa nyomi. Hakuna anayeudai.

Kufikia hapa mzazi atasema haya ni maneno ya wanaume wenye muda. Yangebaki hivyo kama watu wengi mahali pamoja lingekuwa jambo la sifa tu.

Mei 28, 2023 Yanga ilicheza kwa Mkapa mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Ilikuwa siku kubwa, klabu ya Tanzania katika fainali ya Afrika, jambo ambalo halikuwa limeonekana hapa tangu Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa 2-0 na Stella Abidjan pale Shamba la Bibi. Yanga ilifungwa 2-1, ikaenda Algeria ikashinda 1-0, na kombe likapotea kwa sheria ya bao la ugenini. Hayo yote yanakumbukwa. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba katika msukumano wa kuingia uwanjani siku ile mtu mmoja alikufa na wengine wapatao thelathini waliumia. Kwa mashabiki, ulikuwa umati wa kujivunia. Kwa familia moja, kuna mtu aliyeaga asubuhi akiwa amevaa jezi.

Miaka miwili kabla, Machi 21, 2021, uwanja wa jirani, ule wa Uhuru, ulikuwa umeona makubwa zaidi, na hapakuwa na mpira. Watu walikwenda kumuaga Rais John Magufuli. Polisi walisema waliokufa katika msongamano ule walikuwa 45. Walikuwemo mama na watoto wa nyumba moja.

Watu wengi hudhani katika msongamano mtu hufa kwa kuanguka na kukanyagwa. Hutokea, lakini wengi hufa wamesimama. Wanabanwa kifuani hadi mbavu hazina nafasi ya kupanuka, na pumzi inakata. Aliye nyuma haoni kinachotokea mbele. Anasikia tu kwamba mechi imeanza, anasukuma kidogo, na "kidogo" ya watu mia tano ikifika kwenye geti ni mzigo ambao hata chuma hakihimili. Mtoto wa miaka saba kichwa chake kiko kwenye viuno vya watu wazima, mahali ambapo hewa ni haba na hakuna anayemwona.

Ndiyo maana akina mama wanaokwenda uwanjani na watoto, na sasa ni wengi kuliko zamani, wana desturi zao ambazo wanaume wa kijiweni wangefaa kuzisikia. Wanafika mapema sana. Kama mechi ni saa kumi na moja, wao saa sita wameshakaa, wamefungua kontena la pilau, mtoto amelala kwenye kanga. Wanaandika namba ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko ambapo jasho halifuti haraka. Wanakubaliana mahali pa kukutana wakipoteana, si "getini", kwa sababu mageti ni mengi, bali mahali penye alama ambayo mtoto anaweza kuitaja. Wakiona geti limefungwa na watu wanajazana, wanarudi nyuma, hata kama tiketi iko mkononi na fedha imelipwa. Mtoto akibanwa anapandishwa juu kifuani au mabegani, na mzazi anakunja mikono mbele ya kifua kulinda nafasi ya kupumua, anasogea kwa mshazari kuelekea pembeni badala ya kupambana na wimbi. Na mwisho wa mechi wanakaa. Robo saa, nusu saa. Wanawaacha wenye haraka watoke.

Desturi hii ya kukaa ina faida nyingine. Uwanja ukianza kuwa mtupu, rangi za viti zinajitokeza, na mtoto anaona kwa mara ya kwanza jinsi mahali palivyo pakubwa.

Anayempeleka mtoto kwa mara ya kwanza halazimiki kuanza na watani. Mechi ya ligi ya kawaida kwa Mkapa ina nafasi ya kukimbia kwenye ngazi. Azam Complex kule Chamazi, unaochukua watu kama 10,000, unamweka mtoto karibu na mchezaji kiasi cha kusikia anavyomkemea mwenzake. Wengine watasema hiyo si mechi, nyomi liko wapi? Watoto huwa hawaulizi hivyo. Wao huuliza nani anauza barafu.

Siku ya watani yenyewe, jioni, Barabara ya Kilwa inafanana na mto ulioamua kupanda mlima. Bendera zinatoka madirishani, mavuvuzela yanalia, bodaboda zimebeba watu watatu watatu, jambo ambalo halifai, na mtoto akiwa katikati halifai zaidi. Daladala za kwenda Mbagala zinajaa kabla hazijasimama. Ndani yake ubishi umeshaanza upya, na safari hii una ushahidi mpya: nani alikuwa na upande uliojaza, nani aliacha viti, nani aliimba hadi dakika ya mwisho na nani alinyamaza baada ya bao la pili.

"Leo tulikuwa elfu arobaini sisi peke yetu," anasema mmoja aliyening'inia mlangoni.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa elfu ishirini?" anauliza mtani wake kutoka kiti cha nyuma.

"Kumi na nane. Elfu mbili walikuwa polisi na wauza maji."

Konda anacheka, anagonga bati, gari linaondoka. Mtoto aliyelala begani kwa mama yake, uso umepakwa rangi iliyochanganyika na jasho, anafumbua jicho moja na kuuliza kama wamefika. Bado. Hata Mtongani hawajafika.